Kitanda cha Bwana Mkubwa

"Mgongo wangu haujui kuuma," Kahiga alizoea kusema, "na wa mke wangu hautajua kuuma, maadamu unalala pale unapolala." Aliyasema hayo ghalani, akayasema nje ya kanisa, akayasema hata kwa kinyozi huku wembe uko shingoni mwake, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hunyamaza. Maneno hayo yalikuwa matamu kama muwa, na kama muwa, utamu ulikuwa karibu kwisha yabaki makapi.

Kahiga alikuwa mpagazi katika ghala la ngano karibu na stesheni ya Nakuru. Alikuwa na mabega mapana kama kabati, na gunia la ngano alilitupia begani jinsi mwanamke atupiavyo leso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa mdomoni: hakuweza kuwa na kitu kizuri bila kukitangaza.

Na mwaka ule alikuwa na kitu. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Walowezi wengi wa Njoro na Molo walikuwa wakifunga virago, na kila Jumamosi hapakukosa mnada katika shamba fulani. Watu wa mjini walimiminika huko kama siafu. Huyu alirudi na kofia ya jua, yule na gramafoni isiyo na sindano, na mwingine alirudi na fimbo za gofu akiamini ni za kuchungia mbuzi. Kahiga alirudi na kitanda.

Kilikuwa kitanda hasa! Kilikuwa cha chuma, chenye vifundo vya shaba vinavyong'aa kama jicho la paka, na chini ya godoro palijaa springi nene kama mkono wa mtoto. Fundi Surjit Singh, seremala aliyekuwa jirani yake mtaani Bondeni, alikuwepo mnadani siku hiyo. Aliinama, akachungulia chini, akatikisa kilemba.

"Bwana Kahiga, kiache. Kitanda hiki kimeshuka tumbo. Tazama katikati, mbwa anaweza kuzaa hapo."

"Huo ndio ulaini wenyewe, Fundi," Kahiga alijibu. "Wewe umezoea mbao. Mzungu amelalia hiki miaka yote."

"Ndiyo. Na umemwona akitembea?"

Kahiga hakusikia. Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio la mnadani halisikii hata seremala. Kitanda kilipakiwa mkokotenini kikaletwa Bondeni, mlango ukang'olewa ili kipite, na wapagazi wenzake wakakibatiza jina: Bwana Mkubwa. Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyepewa chai katika nyumba ile kabla ya kupelekwa chumbani akabonyeze godoro, aone linavyoruka.

Mke wake, Mugure, alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na mlio wake ulijulikana mtaa mzima. Siku chache baadaye, wenyewe wakiwa bado hawajakilalia kitanda, alijifungua mtoto wa kwanza, msichana, naye akaitwa Wangui, jina la mama yake Kahiga, kama ada inavyotaka, ili bibi azaliwe tena ndani ya mjukuu. Basi, kama ada inavyotaka pia, baba alihama chumba. Kahiga alitandika godoro jembamba juu ya benchi pana la mbao sebuleni, akamwachia mzazi na mwanawe Bwana Mkubwa mzima mzima.

"Lala kama malkia," alimwambia. "Hata mke wa gavana hakulala hivi."

Malkia alilala. Asubuhi alipotaka kuamka, hakuweza. Alishika kifundo cha shaba kwa mikono miwili, akajivuta kutoka kwenye lile bonde kama ng'ombe anayetoka matopeni, na maumivu yakamchoma kiunoni kama msumari. Alidhani ni uchovu wa uzazi. Lakini siku zilizidi kwenda na maumivu yakazidi kuja. Mtoto alilala katika kasha la sabuni sakafuni. Kila alipolia, mama alipanda kutoka shimo moja na kuinamia lingine. Akimnyonyesha, alikaa ukingoni mwa kitanda, na springi zikazama, na mgongo ukajikunja kama ndoano. Akimwogesha, aliinamia karai lililowekwa chini. Cherehani ikanyamaza. Mugure alijifunza kucheka kwa midomo tu, kwa sababu kicheko kikishuka hadi kiunoni kiligeuka kilio.

Jambo lililomuumiza zaidi hata kiuno hakikulijua. Tangu azaliwe, Wangui hakuwahi kukaa mgongoni mwa mama yake. Mbeleko nzuri ya rangi ya samawati, aliyoishona kwa mkono wake akiwa mjamzito, ilining'inia msumarini kama bendera ya nchi ambayo bado haijapata uhuru.

Kahiga alimhurumia kwa kweli. Alimnunulia vidonge, maumivu yakalala kidogo, kisha yakaamka na njaa. Alimnunulia dawa ya kuchua iliyonuka hata kuku wakahama ua. Mwishowe alimpeleka kliniki kwa Sista Anyango, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye macho yasiyodanganyika.

Sista alimpima Mugure kwa utaratibu. Alimuuliza kama ana homa, kama miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu, kama haja ndogo inamponyoka. Yote hayakuwepo.

"Basi usiogope, mama. Mwili wa mzazi hulegea viungo ili mtoto apate njia, na kukaza tena hauendi kwa haraka. Ukiona moja ya hizo dalili nilizokuuliza, njoo mbio, usingoje kesho. Lakini sasa niambie: unalala juu ya nini?"

Kabla Mugure hajafungua kinywa, Kahiga alijibu kutoka kwenye benchi la wanaume, kwa sauti ya kusikika hadi langoni: "Springi, Sista! Kitanda cha mzungu wa Njoro! Ukikilalia unazama mpaka hapa!" Akaonyesha kifuani.

Sista Anyango alimtazama. "Baba, hicho ni kitanda au machela?"

Wanawake wote kwenye foleni wakaangua kicheko. Sista akaendelea kumwambia Mugure: alale mahali pagumu palipo sawa, mtoto na karai viinuliwe, asiinamie sakafu; akinyonyesha aegemeze mgongo kwenye kiti chenye egemeo wima, miguu juu ya kigoda, mtoto juu ya mto, apashwe joto kiunoni na kukandwa polepole, atembee kidogo kila siku. Akamlaza mkekani akamfundisha mazoezi mepesi ya kukaza tumbo na kuinua nyonga.

Njiani kurudi, Kahiga alikuwa amenuna. "Yule Sista ana wivu," alisema hatimaye. "Kitanda anacholalia ni cha serikali, ukimwona tu utajua."

"Baba Wangui, amesema mahali pagumu."

"Mahali pagumu ni pa wafungwa! Mimi nimeng'oa mlango wa nyumba yangu ili kile kitanda kiingie. Nikitoe leo, wapagazi waseme nini? Tatizo si kitanda, Mama Wangui. Tatizo ni kuwa wanawake wa siku hizi migongo yenu ni ya mayai."

Mugure hakujibu. Kuna wanawake ambao ukimya wao ni ukimya, na kuna wengine ambao ukimya wao ni moto chini ya majivu. Mugure alikuwa wa kundi la pili.

Wakati huo huo habari zikapanda mlima bila kuomba ruhusa. Dereva wa lori la viazi alizifikisha Kinangop kwa bibi Wangui mwenyewe, mwanamke ambaye alipokohoa, hata chifu alivua kofia. Dereva yule yule akarudi na jibu, akalitoa mlangoni akiwa hajazima injini:

"Mama yako anasema hivi, Kahiga. Akimaliza kuvuna atashuka. Anataka kujiona mwenyewe, yule mdogo, mgongoni mwa mama yake. Asipojiona hapo, anapanda nao wote wawili Kinangop, na huko watakaa mpaka mtoto aanze kuchunga mbuzi. Amesema atakuja na kiondo kitupu cha nguo za mtoto."

Akaondoka, akawaachia vumbi na hukumu. Mugure aliitazama cherehani yake dirishani, kisha mbeleko msumarini. Alimheshimu mama mkwe wake, lakini aliijua Kinangop: baridi, matope, na viazi mpaka upeo wa macho. Wateja wake wangekwenda kwa mshonaji mwingine. Nyumba aliyoijenga uzi kwa uzi ingefumuka. Na kibaya zaidi, angekwenda huko akihesabiwa kuwa mama aliyeshindwa kumbeba mwanawe.

Hapo moto ukatoka chini ya majivu.

"Baba Wangui," alisema, "ulisema mgongo wangu ni wa yai. Wako je?"

"Wangu? Liulize gunia lolote Nakuru."

"Ghala ni tupu, ngano mpya haijaanza kuingia. Uko nyumbani tu unahesabu nzi. Tubadilishane. Mimi nitalala benchini, wewe ulale na Bwana Mkubwa. Kasha la mtoto libaki hapo hapo sakafuni kando yako. Akilia, inama umtoe uniletee nimnyonyeshe, kisha umrudishe. Asubuhi umwogeshe karaini. Ukimaliza juma moja umesimama wima kama mlingoti, nitakwenda Kinangop bila neno. Ukishindwa, kitanda na kila kitu katika nyumba hii kitakaa nitakavyo mimi."

Kahiga alicheka mpaka akashika ukuta. "Juma moja la kulala tu? Mwanamke, unanipa likizo! Nitaamka nimenenepa." Akatoka nje kumwambia Fundi Surjit kuhusu likizo yake, na ukuta wa mbao uliotenganisha nyua zao ukahakikisha kuwa Mama Indu, mke wa Surjit, naye amesikia.

Asubuhi ya kwanza Kahiga aliamka akisema godoro ni zuri, ila shingo "imeshangaa kidogo." Asubuhi ya pili hakusema kitu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu aanze kusema. Wangui mdogo, kana kwamba amepewa rushwa na mama yake, alikuwa akilia kwa bidii isiyo ya kawaida. Kahiga alipanda kutoka bondeni, akainama, akainuka na mtoto, akaenda, akarudi, akainama, akatumbukia tena. Mchana alimwogesha mtoto akiwa amejikunja juu ya karai, na alipotaka kujinyoosha alibaki vile vile, akitazama maji kama mtu aliyedondosha pete.

"Umepoteza kitu, Baba Wangui?" Mugure aliuliza kwa upole.

"Natafuta sabuni."

"Iko mkononi mwako."

Mugure mwenyewe alikuwa ameanza kushangaa. Benchi lile gumu, alilodhani ni adhabu, lilikuwa limempokea kama mama. Aliamka maumivu yapo, lakini yamepungua makali, kama kisu kilichotumika kukatia kamba.

Siku iliyofuata, jua likiwa limekwisha kupanda juu ya Menengai, sauti ilisikika kutoka chumbani. Haikuwa ya mtoto.

"Mama! Mama wee!"

Mugure alifika mlangoni. Pale katikati ya Bwana Mkubwa, Kahiga, mbebaji wa magunia, bingwa wa ghala, alikuwa amelala chali kama mende aliyepinduliwa, mikono na miguu ikipapasa hewa. Kila alipojaribu kuinuka, springi zilimrudisha chini kwa mlio wa dhihaka: nyii, nyii.

"Mgongo umeshikwa," alinong'ona. "Mugure, usiite mtu."

"Fundi!" Mugure aliita dirishani. "Fundi Surjit! Njoo umsaidie mwenzako, ameshindwa kutoka likizoni!"

Surjit alikuja na penseli nyuma ya sikio. Alimtazama Kahiga, akauma ndevu zake asicheke, akashindwa, akacheka. Walimviringisha mpaka ukingoni akatua sakafuni kwa magoti, akatambaa mpaka sebuleni kwa mikono na miguu. Alipofika, aliegemea benchi, na kwa mara ya kwanza alimtazama mke wake bila maneno tayari mdomoni.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa unaamka?" aliuliza. "Kila siku?"

"Kila siku. Nawe ulikuwa unaniambia nilale kama malkia."

Kahiga aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya kiuno pekee. "Sema unavyotaka, Mama Wangui. Hata ukitaka nikichome."

"Sitaki moto. Nataka mbao."

Basi nyumba ikageuka karakana. Mgongo wa Kahiga, ambao ulikuwa umeonja tu alichokula mwenzake, ulilegea upesi, akawa msaidizi wa Surjit. Walitoa springi zote wakapigilia mbao imara, na juu yake godoro jembamba lililoshindiliwa sawasawa. Springi moja Mugure aliitundika msumarini, pembeni mwa mbeleko, "ili isisahauliwe." Kasha la mtoto likawekewa miguu mirefu, likafika kiunoni. Karai likapanda mezani. Kiti kikapewa mgongo ulionyooka, na kigoda kikatengenezwa kwa mbao zilizobaki.

Mama Indu naye hakungoja kuitwa. Alikuja kila alasiri na chumvi iliyokaangwa, imefungwa kitambaani, akijaribu joto lake kwanza kwenye mkono wake mwenyewe kabla ya kukiweka kiunoni mwa Mugure. Halafu alimkanda kwa mafuta ya haradali ya uvuguvugu, taratibu, kutoka kiunoni kwenda kando.

"Kwetu mzazi hukandwa kila siku, dada," alisema. "Mgongo ni kama unga wa chapati. Ukiukanda kwa hasira unakataa."

"Na mume?" Mugure aliuliza, uso ukiwa juu ya mto wa kulalia.

"Ah! Mume kanda kwa hasira tu."

Mugure alicheka, na kicheko kilishuka mpaka kiunoni, kikapita, kikaenda zake. Akajishika kiuno kwa mshangao. Kisha akacheka tena, makusudi, kuhakikisha.

Kila asubuhi alifanya mazoezi ya Sista Anyango mkekani. Kahiga alimletea maji, akafua nepi na kuzianika mbele ya macho ya wapagazi waliokuwa wakipita, nao wakamwita "Mama Kahiga" mpaka wakachoka wenyewe. Jioni mume na mke walitembea. Kwanza walifika kwa kinyozi, baadaye sokoni, baadaye mpaka mahali ambapo ziwa huonekana na ndege wake waitwao heroe, kama ukingo wa waridi uliotariziwa. Siku nyingine maumivu yalirudi bila kubisha hodi, na Mugure akapumzika, kesho yake akaanza upya. Haba na haba, cherehani ikarudi kuimba. Na siku moja Mugure alikunja magoti, kama alivyofundishwa, akamkumbatia mwanawe kifuani, akainuka kwa nguvu za miguu. Hapakuchoma kitu. Aliitazama mbeleko, lakini hakuigusa. Alikuwa akimngoja mtu.

Lori la viazi lilimteremsha bibi Wangui sokoni Jumapili moja, kiondo kitupu begani, uso umeandaliwa kwa ajili ya vita. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akaona mwanamke akija katikati ya barabara kwa mwendo wa kujiamini, gauni jipya la maua, kichwa juu. Na kwenye bega lake, kutoka ndani ya mbeleko ya rangi ya samawati, macho mawili madogo yakichungulia dunia.

Bibi hakusalimu. Alimzunguka Mugure kama mtu anunuaye fahali, akambonyeza kiunoni kwa ngumi.

"Mgongo huu ni wa nani?"

"Ni wangu, Mama. Na wewe umo juu yake."

Bibi alimtazama Wangui, na Wangui akamtazama Wangui. Halafu mwanamke yule wa kuvuliwa kofia na machifu akatupa kiondo chini, akapiga vigelegele vya mtoto wa kike, mpaka wauza kabeji wakaitikia bila kujua sababu. Kiondo kilichokuja kitupu kupeleka nguo za mtoto kingerudi na gauni la bibi mwenyewe, lililoshonwa na mkono wa mkazamwana.

Nyumbani karamu ilikuwa tayari: maharagwe meusi ya njahi, mukimo wa viazi vilivyopondwa, chapati za Mama Indu, chai ya maziwa mengi. Wapagazi walijaa ua. Walipokwisha kushiba, mmoja akauliza imekuwaje Mama Wangui akapona bila sindano. Hapo ugonjwa wa zamani wa Kahiga ukaamka. Alisimama, akavuta suruali juu.

"Ndugu zangu, mimi nililiona mapema. Nilipokiona tu kile kitanda pale mnadani, niliambia moyo wangu: Kahiga, springi ni adui wa mgongo. Nikakinunua kwa ajili ya chuma chake. Nikangoja wakati wake, nikaita fundi, nikamwambia, weka mbao hapa, weka mbao pale..."

"Bwana Kahiga," Surjit alikatiza polepole akitoa penseli sikioni, "hayo uliniambia ukiwa umesimama, au ukiwa chali?"

Wapagazi wakageuza shingo.

"Chali?" mpagazi mmoja aliuliza.

Surjit alitia penseli mfukoni. Alilala chini nyasini, kilemba na vyote, akarusha mikono na miguu hewani, akalia kwa sauti nyembamba: "Mama! Mama wee! Mugure, usiite mtu!" Na Mama Indu, aliyeyasikia yote kupitia ukuta wa mbao, akamalizia: "Nyii, nyii!"

Kicheko kilipasuka kama gunia lililofumuka mshono. Mugure alicheka akiwa na mtoto mgongoni, akacheka kwa mgongo wote, na mtoto akarukaruka humo akidhani ni mchezo. Kahiga alitafuta mahali pa kuficha uso, akamgeukia mama yake kwa macho ya kuomba wakili.

Bibi Wangui alifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya leso, akanyoosha kidole kuelekea mlango wazi wa chumba, ambapo springi moja ilining'inia msumarini karibu na kitanda cha mbao.

"Mwanangu, nimesikia ulimwita mwenzako mgongo wa yai," alisema, "kumbe kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."